Kidau cha Wino na Mkono wa Kushoto

Siku ya kwanza niliingia darasani nikiwa na ndoo mkono mmoja na dekio mkono wa pili, na moyo ukinidunda kama wa mtoto anayeanza darasa la kwanza. Sikuwa nimetarajia darasa. Kampuni ya usafi ilikuwa imeniambia tu kwamba naenda kwenye nyumba ndogo ya makumbusho katikati ya Stockholm, kwamba sakafu ni za mbao za zamani, na kwamba sabuni isiwe kali. Nikasema asante. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimedeki kiwanda kule Södertälje, nikipanda treni ya alfajiri, na nilikuwa nimezoea kusema asante kwanza na kuuliza baadaye.

Msimamizi wa Usafi, Mkongo wa Bukavu aliyefika Sweden miaka mingi kabla yangu, akafungua mlango wa ghorofa ya pili. Jamani! Madawati ya mbao yaliyounganishwa na mabenchi yake. Ubao mweusi uliosimama kwa miguu mitatu. Fremu kubwa yenye nyaya na shanga za kuhesabia. Jiko la chuma pembeni. Ramani ya nchi za Biblia ukutani. Na katika kila dawati tundu la mviringo, na ndani ya tundu kidau cha wino. Lilikuwa darasa la karne ya kumi na tisa, limehifadhiwa kama lilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimefundisha miaka kumi na tisa katika shule ya msingi ya misheni huko Burundi, kabla vita havijatutawanya. Nililijua lile darasa kuliko nilivyoijua sebule yangu ya Skärholmen.

Nikaweka ndoo chini. Nikachukua chaki iliyokuwa ukingoni mwa ubao, nikaandika siku na tarehe kwa mwandiko wa kiualimu, herufi zimesimama wima kama askari.

"Papa Melkiori!" Msimamizi akaita. "Weye uko mwalimu ao uko mufagiaji?"

"Niko vyote viwili, Papa."

"Bon. Leo tuko na kazi ya mufagiaji tu. Futa ile mbio, mukubwa asione."

Nikafuta kwa kiganja. Lakini mkubwa alikuwa ameshaona. Mtunzaji, yaani mtaalamu anayesimamia vitu vyote vya kale katika nyumba ya makumbusho, alikuwa amesimama mlangoni: mwanamke mrefu, miwani ikining'inia kifuani. Aliutazama ubao, akautazama mkono wangu wenye vumbi la chaki, akaenda zake.

Ninyi vijana wa ushirika wetu wa kanisa mmeniomba niandike kuhusu kazi yangu, na wengi wenu mmezaliwa huku, hamjui chaki inavyonukia. Basi kaeni niwaelezee, maana hata sasa nikikumbuka nafurahi mpaka nashindwa kukaa kitini.

Mtoto wa karne ya kumi na tisa, ile ambayo Waingereza huiita zama za Viktoria, hakuanza na karatasi. Karatasi ilikuwa ghali. Mdogo kabisa alianza kwenye sanduku la mchanga: meza nyembamba yenye kingo, mchanga mkavu ndani, na kidole cha shahada ndicho kalamu. Mwalimu akisema A, kidole kinachora A. Kibao kikipitishwa juu, mchanga unakuwa laini tena. Akijua herufi, anapewa kibao cha jiwe jeusi na kijiwe cha kuandikia. Kibao kilifutwa kwa kitambaa chenye maji, na wavivu walikifuta kwa mate na mkono wa shati. Aliyefuzu kibao ndiye aliyefika kwenye wino. Kalamu ilikuwa kijiti chenye nibu ya chuma, unachovya, unakung'uta tone moja, unaandika maneno matatu, unachovya tena. Mstari unaopanda uwe mwembamba kama uzi, unaoshuka uwe mnene. Ukikandamiza unapopanda, nibu inachana karatasi na wino unaruka usoni.

Nilipoona sanduku la mchanga mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa sauti. Mimi mwenyewe nilijifunza A kwenye vumbi la uwanja wa kanisa! Na ule mtindo wa watoto wakubwa kufundisha wadogo, kila mkubwa na kundi lake katika nusu duara, huku mwalimu mmoja akiangalia mia nzima, Mtunzaji aliueleza kwa wageni kama ajabu ya kale. Mimi niliutumia kila siku ya maisha yangu ya ualimu, kwa sababu nilikuwa na watoto tisini na chumba kimoja.

Kulikuwa pia na kinanda cha uzi mmoja. Ni sanduku refu jembamba lenye uzi mmoja, unalipiga kwa upinde kama wa fidla, na sauti yake ni ya mtu mwenye mafua. Shule maskini na makanisa maskini yalikitumia kufundishia nyimbo za ibada, kwa kuwa mtu yeyote mwenye mbao na kisu angeweza kukitengeneza. Asubuhi moja nilikuwa nafuta vumbi chini ya madirisha, na Magister mzee alikuwa akikijaribu kabla wageni hawajafika. Magister ni jina la heshima ambalo watoto wa Sweden wa zamani walimwitia mwalimu wa kiume; huyu alikuwa mwalimu mstaafu, Mswidi, aliyevaa koti jeusi na kuwafundisha watoto wa leo somo la kale kwa saa moja na nusu. Akapiga wimbo. Nikaanza kuimba naye. Yeye aliujua kwa Kiswidi, mimi niliujua kwa Kirundi, kwa kuwa wamisionari walituletea nyimbo zao tukaziwekea maneno yetu. Alipomaliza alinitazama juu ya miwani.

"Umejifunzia wapi?"

"Shuleni, Magister. Kwenye darasa kama hili."

Toka siku hiyo aliniachia mlango wazi wakati wa masomo. Nilipanga saa zangu ili ngazi za ghorofa ya pili zihitaji kudekiwa wakati yeye anafundisha. Hakuna ngazi zilizong'aa kama zile Stockholm nzima! Nilisikia watoto wakicheka, wakiogopa, wakisimama wote kwa pamoja, na nilimshukuru Mungu kwa kunipa hata sauti ya darasa, wakati nilidhani ameniondolea yote. Ofisi ya ajira ilikuwa imekwisha kuniambia kwamba cheti changu cha ualimu hakitoshi, nirudi chuoni miaka kadhaa. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tano. Niliikunja barua yao nikaiweka ndani ya Biblia, nikaacha kuuombea ualimu.

Baada ya miaka miwili magoti ya Magister yalikataa ngazi. Mkuu wa Makumbusho, mtu mchangamfu aliyependa kupiga makofi kabla ya kusema jambo, alitangaza kwamba wasipopata mtu kabla ya masika somo la kale litafungwa. Nilimsikia akisema hivyo ukumbini. Nikasimamisha dekio ukutani.

"Mkuu," nikasema, "mimi ninaweza."

Akanitazama, akamtazama Mtunzaji. "Kiswidi chako ni kizuri, Melkior, lakini kina lafudhi. Na watoto wanatarajia, tuseme, Mswidi wa zamani."

"Walimu wa zamani walitoka mikoani," Mtunzaji akasema. "Nusu yao hapa mjini hawakueleweka. Ajaribu somo moja."

"Somo moja," Mkuu akakubali, akapiga makofi. "Likifaa, koti ni lako. Lisipofaa tunafunga chumba."

Nyumbani mke wangu, Mama Goreti, alikuwa anamenya viazi. Nilipomwambia aliweka kisu chini.

"Mwalimu tena?"

"Jaribio tu."

"Uliacha kuliombea hilo, mimi sikuacha," akasema. "Nilikuwa naogopa kukuambia, ungenikataza."

Wiki mbili nilizokuwa nazo nilizitumia vizuri. Nilisoma makala zote za Mtunzaji juu ya maisha ya shule. Nikajua kwamba watoto wa mashambani walikwenda shule siku moja na kubaki nyumbani siku ya pili, kwa kuwa chumba hakikutosha na mifugo haikuweza kungoja. Kwamba kila mmoja wakati wa baridi alibeba gogo la kuni kwa ajili ya jiko la darasa. Kwamba Uingereza watoto wengi walifanya kazi kiwandani nusu siku na kusoma nusu siku, wakalala juu ya vibao vyao. Kwamba asubuhi mwalimu alikagua mikono, kucha na masikio. Kwamba palikuwa na benchi la aibu kwa aliyekosea na, kwa Waingereza, kofia ndefu ya karatasi kwa aliyeitwa mjinga. Na fimbo. Fimbo ya makumbusho ilikuwa na sheria zake, na Mtunzaji alinisomesha sheria hizo kwa kidole juu: fimbo inapiga meza, haipigi hewa karibu na mtoto, haimgusi mtoto kamwe, na kila ukali uwe wa kuigiza, mtoto ajue ni mchezo.

"Nimeelewa," nikasema. Na kweli nilidhani nimeelewa.

Siku ya jaribio wakaja watoto ishirini na sita wa umri wa miaka kumi, pamoja na mwalimu wao, kijana mwenye hereni ambaye wanafunzi walimwita kwa jina lake la kwanza kama rafiki. Mkuu na Mtunzaji walikaa nyuma. Nilivaa koti jeusi, nikafunga vifungo vyote, nikaomba kwa sentensi moja, nikapiga kengele.

Acheni niwaambie! Nilipotokea mlangoni na kuwatazama tu, bila kusema, kelele ikakatika. Hilo halifundishwi chuoni. Nikasema, "Simameni," wakasimama vipande vipande, mmoja leo mwingine kesho. Nikasema, "Kaeni. Tena. Nataka nisikie mlio mmoja." Mara ya tatu madawati yalilia mlio mmoja, na watoto wenyewe wakashangaa, wakatabasamu. Nikakagua kucha. Mvulana mmoja alikuwa na wino wa kalamu hadi kiwiko.

"Umeoga lini, wewe?"

"Jumapili, Magister."

"Jumapili ipi?"

Darasa likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Tukahesabu shanga kwa kuimba. Nikapiga kinanda cha uzi mmoja, wakaimba, kile chenye mafua kikawaongoza mpaka ubeti wa mwisho. Nikamwona Mkuu nyuma akitikisa kichwa kwa furaha kama mtu anayesikiliza ngoma ya kwao. Moyoni niliimba: Bwana, ni wewe, ni wewe.

Ndipo tukafika kwenye wino. Nikagawa kalamu, nikamimina wino katika vidau, nikaeleza habari ya uzi mwembamba unaopanda na mstari mnene unaoshuka. Nikaanza kupita kati ya madawati, mikono nyuma, hatua za polepole, kama nilivyopita miaka kumi na tisa. Katika mstari wa tatu alikaa msichana mwenye nywele fupi, jina lake Tove. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto.

Sikusimama hata. Nilichomoa kalamu katika vidole vya kushoto, nikaiweka katika vidole vya kulia, nikagonga dawati mara moja, nikaendelea na njia yangu, kama mtu anayefunga mlango alioukuta wazi. Kwetu hilo si ukali. Mkono wa kushoto hautoi kitu kwa mkubwa, haupokei, hauli, na hauandiki. Mtoto anahamishwa mapema kama anavyofundishwa kuvaa viatu. Nilikuwa nimeshahamisha watoto wangapi, Mungu anajua.

Nilipogeuka mbele ya ubao niliona Tove akiandika kwa kulia. Nibu ilichimba karatasi, tone kubwa likaanguka, likatambaa. Aliweka kiwiko juu yake ili asionekane. Hakulia. Nikapiga kengele ya mwisho nikijua kuna kitu nimekanyaga, bado sijui ni nini.

Mkuu alikuwa wa kwanza kusimama, anapiga makofi. "Ajabu! Ajabu kabisa! Na ule mkono wa kushoto! Bila kusema neno! Ndivyo walivyofanya hasa, tumeandika kwenye makala zetu, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuonyesha. Uliwaza mwenyewe?"

"Mwili ulinisisimka," mwalimu kijana akasema. "Tutaandika insha juu yake."

Wote walitabasamu. Vijana wangu, sikilizeni: kazi niliyoililia miaka ilikuwa imesimama mbele yangu imenyoosha mkono, na ilihitaji jambo moja tu, nitabasamu nami. Hata uongo nisingesema. Ningekaa kimya tu. Nikamtazama Tove akifunga begi lake. Alikuwa anatazama kiganja chake cha kushoto, kama anatafuta kasoro.

"Mkuu," nikasema, "sikuigiza."

Makofi yakakoma. "Una maana gani?"

"Nilisahau kwamba ni mchezo. Nilimwona mtoto akikosea, nikamsahihisha. Hakuhamishwa na mwalimu wa karne ya kumi na tisa. Nimemhamisha mimi, leo."

Mwalimu kijana aliacha kutabasamu. "Basi hilo ni jambo jingine," akasema.

"Ni jambo jingine," nikakubali.

Nikafungua vifungo vya lile koti, vyote, nikaliweka juu ya meza. Nikaenda mstari wa tatu nikachuchumaa, ili uso wangu uwe chini ya uso wake.

"Tove, nimekukosea."

"Ulikuwa unaigiza?"

"Hapana."

"Nilijua," akasema. "Ulipouliza habari za kuoga, macho yako yalicheka. Uliponichukulia kalamu hayakucheka."

"Nisamehe."

Alifikiri kwa uangalifu, maana watoto wa huku hufundishwa kutosema ndiyo haraka. "Mama yangu ni daktari wa meno," akasema. "Anatumia kushoto. Anang'oa meno kwa kushoto."

"Basi nimshukuru Mungu kwamba hakupita mikononi mwangu."

Wenzake wakacheka, yeye akajizuia, akashindwa. "Naweza kupata karatasi nyingine?"

Nikamletea. Akailaza karatasi kwa ubavu ili mkono usifute wino mbichi, akachovya kwa kushoto, akakung'uta tone, akaandika jina lake: mwembamba ukipanda, mnene ukishuka. Lilikuwa jina safi kuliko yote ya siku ile.

Hakuna aliyenipigia makofi. Mkuu alisema watafikiri, na siku iliyofuata nilirudi na ndoo yangu. Msimamizi wa Usafi alikuwa ameshasikia.

"Papa, si ungenyamaza tu? Dakika moja!"

"Ningenyamaza, kisha ningefundisha nini?"

"Ungefundisha!" akasema, akitupa mikono juu. "Mon Dieu. Weye unatafutaka shida na tochi." Kisha akabeba ndoo yangu mwenyewe hadi ghorofa ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku ya tatu Mtunzaji aliniita darasani. Alinipa chaki.

"Andika jina lako."

Nikaandika. "Futa," akasema. Nikafuta.

"Umefuta kwa mkono gani?"

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa wa kushoto, mweupe kwa chaki.

"Siku ya kwanza uliandika kwa kulia ukafuta kwa kushoto," akasema. "Nilikuona. Dekio unaliongoza kwa kushoto. Juzi kengele umepiga kwa kushoto. Melkior, nani alikuhamisha wewe?"

Nilikaa kwenye benchi la kitoto, magoti yakigusa kidevu. Ilinijia yote mara moja, na nilikuwa sijaifikiria kwa miaka hamsini. Katekista wetu, mtu mpole niliyempenda, ndiye aliyenifundisha sala zote ninazozijua. Wiki yangu ya kwanza shuleni alichana kipande cha kitenge akaufunga mkono wangu wa kushoto kwenye mshipi wa kaptura. Nilikaa hivyo hadi mavuno. Nilijikojolea mara mbili kwa kushindwa kufungua kifungo. Kisha nikazoea, nikasahau, nikawa mwalimu, nikaanza kuwahamisha wengine, sikuona kitu. Nilimsimulia Mtunzaji yote, kwa Kiswidi kilichokuwa kinakatika. Alivaa miwani, akaandika, akavua miwani.

"Makala zetu zinasema walifanya hivyo," akasema. "Hazisemi inakuwaje." Kisha akachukua koti jeusi kwenye msumari akaniwekea magotini. "Nimezungumza na Mkuu. Utafundisha. Ila dakika kumi za mwisho, kila somo, utavua koti kama ulivyovua juzi, na watoto watakuuliza chochote. Hilo halikuwa katika somo la zamani. Sasa limo."

Nilishuka zile ngazi nikiziruka mbili mbili, mtu wa miaka hamsini na saba! Nilimpigia Mama Goreti simu, yeye akaanza kuimba kabla sijamwambia kitu, na watu waliokuwa wakipita barabarani walitazama mzee akiitikia wimbo kwenye simu huku theluji ikimwangukia.

Nilivaa koti lile hadi nilipostaafu, miaka saba na zaidi. Walikuja watoto wa Rinkeby ambao wazazi wao walitoka kwetu na jirani na kwetu, mmoja alininong'oneza kwa Kiswahili, "Mzee, ni wewe wa kanisani?" nikamwambia kwa ukali wa kuigiza kwamba Magister hamjui. Walikuja watoto wa shule zinazofundisha kwa Kiingereza, wanaosoma habari za zama za Viktoria, nikawavalisha kofia ya karatasi kwa zamu mpaka kila mtu amekuwa mjinga, nami nikawa wa mwisho. Nilijifunza kuufanya ukali wangu ucheke machoni. Nilipofika kwa mtoto wa mkono wa kushoto nilisimama nyuma yake, nikalaza karatasi yake kwa ubavu kama Tove alivyonionyesha, nikapita.

Na kila somo, dakika kumi kabla ya mwisho, nilivua koti, nikakaa kwenye benchi la aibu, nikasema, "Sasa mimi ni Melkior. Ulizeni." Waliuliza! Ulipigwa? Nilipigwa. Ulipiga? Nilipiga. Uliomba msamaha? Kwa mmoja, hapa hapa, katika mstari wa tatu. Wengine wametawanyika, siwezi kuwafikia, nawaombea kwa majina ninayoyakumbuka. Palikuwa na Waafrika waliofundisha Stockholm zamani? Sijui, lakini sasa yupo. Siku moja mtoto aliuliza kama nilimchukia katekista wangu. Nikasema hapana, na kwamba inawezekana kumpenda mtu sana na bado kusema kwamba alikosea, na kwamba ninatumaini mbinguni ameshaniona nikivua lile koti.

Siku ya kustaafu hapakuwa na hotuba ndefu. Magister mzee alikuja na magongo yake, tukapiga kinanda cha uzi mmoja kwa zamu. Msimamizi wa Usafi alileta samaki wa kukaanga, akampiga chenga Mkuu asile wote. Mtunzaji alinipa kalamu moja ya kijiti, nibu mpya na kidau cha wino kutoka dawati la mstari wa tatu. Vitu vya makumbusho haviruhusiwi kutoka, nami nilimwambia hivyo. Akasema kile kidau kilikuwa na ufa, na kwamba yeye ndiye Mtunzaji.

Sasa niko nyumbani Skärholmen. Asubuhi nasali, nanywa chai, kisha naweka kidau mezani. Mama Goreti huniuliza kama mtu wa umri wangu anaanza darasa la kwanza. Namwambia ndiyo, na nimechelewa, anipishe nafasi. Nashukuru kwa nchi iliyonipokea na ndoo, kwa darasa lililonirudia nilipokuwa nimekunja barua, na kwa mtoto wa miaka kumi aliyeniangalia machoni. Mkiwa kazini, vijana wangu, mkapigiwa makofi kwa jambo ambalo ninyi mnajua lilivyo kweli, semeni lilivyo.

Kumbukumbu hizi nimeziandika kwa mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa. Isipokuwa mistari hii miwili ya mwisho, iliyopinda, yenye tone la wino mwanzoni. Hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, karatasi imelala ubavu, na hakuna aliyenichukulia kalamu.